Mzio wa maziwa ya ng'ombe: maswali ambayo wazazi wa Goma huuliza mara kwa mara

Goma ni mji wa maziwa. Yanashuka kutoka Masisi ndani ya bidoni zilizofungwa juu ya pikipiki, yanauzwa ya unga katika kila butiki, yanaingia kwenye chai, kwenye uji wa watoto na kwenye keki ya ubatizo. Kwa hiyo mtoto akivimba midomo baada ya kunywa kikombe kimoja, ushauri humiminika kutoka kila upande: yachemshe zaidi, mpe ya mbuzi, mpe kivuguto (maziwa yaliyogandishwa), mwachishe ziwa. Karibu ushauri huo wote unaanguka mtu akishaelewa jambo moja: kinga ya mwili haijui maziwa ni nini. Inachokijua ni vipande vidogo sana vya protini zilizomo ndani yake. Majibu ya hapa chini yanaanzia hapo.

Ni kitu gani hasa ndani ya maziwa kinachomsumbua mtoto mwenye mzio?

Ni protini. Si mafuta, si sukari, si weupe wake. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 30 hadi 35 hivi za protini. Takriban asilimia 80 ni kazeini, ambazo ndizo zinazogandana mtu anapotengeneza fromaji (jibini). Asilimia 20 hubaki kwenye maji ya manjano-kijani yanayochuruzika baada ya kuganda. Kazeini ziko nne: alfa-s1, alfa-s2, beta na kapa. Katika yale maji, zinazosumbua zaidi ni laktoglobulini beta na laktalbumini alfa.

Ukipewa karatasi ya maabara yenye maandishi kama Bos d 5 au Bos d 8, usiogope. Ni majina ya protini hizo hizo, yaliyotolewa kwenye jina la Kilatini la ng'ombe. Bos d 5 ni laktoglobulini beta, Bos d 8 ni kazeini.

Watoto wengi wenye mzio hutambua zaidi ya protini moja. Laktoglobulini beta ni ngeni kabisa kwetu: mwili wa binadamu hauitengenezi, na maziwa ya mama hayana ya kwake. Kazeini alfa-s1 ya ng'ombe nayo ina mfuatano unaofanana na wa binadamu kwa theluthi moja tu au pungufu. Hata hivyo, ugeni hauelezi kila kitu. Laktalbumini alfa ya ng'ombe inafanana na yetu kwa karibu robo tatu, na bado wapo watoto inaowadhuru.

Mwili unaitambuaje protini hiyo? Unaona nini?

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu majibu mengi yanayofuata yanategemea swali hili.

Fikiria protini kama uzi wa shanga, na kila ushanga ni asidi ya amino. Kazeini alfa-s1 ina shanga 199, laktoglobulini beta ina 162. Kingamwili, yaani protini ambayo kinga huitengeneza ili kushika kitu kigeni, haishiki uzi mzima. Inashika sehemu ndogo tu, shanga chache, na sehemu hiyo huitwa epitopu.

Epitopu ziko za namna mbili. Ya kwanza ni shanga zilizofuatana kwenye uzi, moja baada ya nyingine. Ya pili inapatikana pale tu uzi unapojikunja, hivi kwamba ushanga ulio mbali unakuja kukaa jirani na mwingine na kwa pamoja wanafanya umbo fulani. Ukiukunjua uzi, umbo hilo linapotea ingawa shanga zote bado zipo.

Kazeini ni nyuzi zilizolegea, zisizojikunja sana, kwa hiyo epitopu zake nyingi ni za namna ya kwanza. Laktoglobulini beta imejikunja vizuri na kufungwa kwa viungo vya salfa, kwa hiyo nyingi ya zake hutegemea umbo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua moto utafanya nini, tumbo litafanya nini, na hata mzio utadumu muda gani. Watafiti wamekuta kwamba watoto ambao mzio wao hauishi mapema mara nyingi wana kingamwili zinazoshika epitopu za mfuatano kwenye kazeini, kwa mfano sehemu ya shanga ya 123 hadi 132 ya alfa-s1.

Mara ya kwanza alikunywa na hakupata lolote. Kwa nini mara ya pili ndiyo ikawa balaa?

Kwa sababu mara ya kwanza kinga ilikuwa ikijifunza.

Protini inapopita kwenye ukuta wa utumbo, au kwenye ngozi iliyopasuka, inakamatwa na seli za dendriti. Seli hizi huikatakata na kuonyesha vipande vyake kwa limfositi T, chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga. Kwa watu wengi limfositi T hutulia: zinatokea zile za kudhibiti, zinazoambia kinga kwamba hiki ni chakula, kiacheni. Kwa mtoto atakayepata mzio, limfositi T huchukua njia nyingine, zinatoa ishara zinazoitwa interlukini 4 na 13, na limfositi B zinaanza kutengeneza kingamwili ya aina ya IgE dhidi ya protini ile.

IgE ni chache sana katika damu, lakini haikai hapo. Inakwenda kujibandika juu ya seli zinazoitwa mastositi, zilizojaa kwenye ngozi, utumbo na njia za hewa. Hapo inasubiri. Mtoto haonyeshi dalili yoyote, na mzazi hawezi kujua.

Maziwa yakirudi, protini moja inashikwa na IgE mbili zilizo jirani kwa wakati mmoja, zinavutwa pamoja, na mastositi inamwaga histamini na kemikali nyingine papo hapo. Vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana: yote hayo hutokea ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya saa mbili. Ndiyo maana protini isiyo na sehemu mbili za kushikwa haiwezi kuwasha moto huo, na ndiyo maana maziwa maalum ya dawa ambayo protini zake zimekatwa vipande vidogo mno huvumiliwa na takriban watoto tisa kati ya kumi wenye mzio huu.

Neno lenyewe la alerji liliwekwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna. IgE ilichelewa sana kujulikana: katika miaka ya 1960 Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, waliisaka huko Denver, huku Johansson na Bennich wakiifikia kwa njia nyingine huko Uppsala, Uswidi.

Wangu hapati vipele. Anatapika saa mbili au tatu baadaye, au choo kina damu. Huo si mzio?

Unaweza kuwa mzio pia, ila si wa IgE. Hapa limfositi T na seli nyingine za kinga zinashambulia utumbo moja kwa moja, polepole. Kuna watoto wanaotapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kunywa, wakawa weupe na wanyonge kama nguo. Kuna wachanga wa wiki chache wenye michirizi ya damu kwenye choo lakini wananyonya vizuri na kuongeza kilo. Kipimo cha ngozi na cha damu huwa hakionyeshi kitu kwao, kwa sababu IgE haihusiki.

Lakini tafadhali: hapa Goma damu kwenye choo na kuhara vina sababu nyingi zinazotangulia maziwa. Amiba, bakteria, kipindupindu msimu wake ukifika. Mpeleke mtoto kituo cha afya kwanza.

Mimi mwenyewe nikinywa maziwa tumbo linajaa hewa na kuunguruma. Nina alerji?

Karibu hakika hapana. Hiyo ni sukari ya maziwa, laktosi, ambayo mtu mzima mwenye kimeng'enya kidogo cha laktazi hawezi kuimeng'enya yote. Kinga ya mwili haihusiki kabisa, wala hakuna anayekufa kwa hilo. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Wanaotoka katika jamii za wafugaji mara nyingi hawako hivyo, kwa sababu laktazi yao haipungui utotoni.

Nikiyachemsha sana je?

Yachemshe, ndiyo, kwa sababu maziwa mabichi hubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Kwa ajili ya mzio, hapana. Moto wa kuchemsha unaikunjua laktoglobulini beta na kuharibu baadhi ya epitopu zake za umbo, lakini kazeini haina umbo la kuharibiwa. Shanga zake zinabaki zimefuatana vile vile hata ukichemsha mpaka sufuria ikauke.

Basi mbona anakula keki na biskuti bila shida?

Swali zuri, na jibu linafurahisha. Katika keki kuna mambo matatu kwa pamoja: joto la oveni la nyuzi 180 kwa nusu saa, maziwa kidogo katika unga mwingi, na protini za ngano zinazojifunga na zile za maziwa zikazificha zisifikiwe. Mtoto ambaye IgE zake zinafuata umbo zaidi anaweza kuvumilia. Katika utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2008, takriban robo tatu ya watoto wenye mzio wa maziwa waliweza kula maziwa yaliyookwa hivyo. Hao walikuwa na dalili ya kupona mapema kuliko wengine.

Mtoto wako akila keki bila shida tayari, usimkataze. Kama hajawahi kula na aliwahi kubanwa kifua au kuzimia kwa maziwa, usijaribu nyumbani. Na andazi la mafuta si keki ya oveni: kuiva kwake ni kwa muda mfupi mno.

Maziwa ya mbuzi? Jirani anasema ni mepesi.

Usimpe. Kazeini za mbuzi na kondoo zina mfuatano unaokaribia sana ule wa ng'ombe, na IgE ya mtoto haioni tofauti. Mwaka 1999 watafiti wa Italia waliwapa maziwa ya mbuzi watoto 26 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe; 24 walipata dalili. Nimesikia ushauri huu wa mbuzi hata kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, na ni katika ushauri wa hatari zaidi unaozunguka mjini.

Kivuguto na fromaji ya Masisi?

Bakteria wa kivuguto wanakula sehemu ya laktosi, kwa hiyo mtu wa tumbo lenye hewa hufurahi. Fromaji ngumu ya Masisi, iliyokaa, haina laktosi ya kuhesabika. Lakini fromaji ni kazeini iliyokusanywa pamoja! Kwa mtoto mwenye mzio kipande kidogo kina protini nyingi kuliko kiasi kile kile cha maziwa.

Kwa kuwa hawezi ya ng'ombe, nimpe ya soya au unga wa masoso (mahindi, soya na mtama)?

Uji wa masoso ni chakula kizuri baada ya miezi sita, pamoja na ziwa. Sio mbadala wa ziwa wala wa maziwa ya mtoto mchanga. Juisi ya soya ya nyumbani vile vile. Maziwa ya unga ya soya yaliyotengenezwa kwa watoto wachanga hayashauriwi kabla ya miezi sita, na karibu mmoja kati ya kumi wenye mzio wa IgE wa maziwa huwa na mzio wa soya pia.

Ninanyonyesha. Niache?

La. Hili naliandika kwa herufi za moyo: usiache kunyonyesha.

Ni kweli kwamba chembechembe za laktoglobulini beta kutoka chakula cha mama hupita kwenye ziwa. Hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, na watoto wengi wenye mzio hawazihisi. Mtoto anayenyonya tu akionyesha dalili wazi, mama ndiye anayeacha maziwa, siagi, fromaji na kivuguto kwa wiki mbili hadi nne. Zikitoweka dalili, anarudia kula ili kuhakikisha. Zikirudi, sasa tunajua. Zisiporudi, mama aendelee kula kama zamani. Watu wengi huruka hatua hiyo ya kurudia, na mama anajinyima bure mwaka mzima.

Katika kipindi hicho mama anahitaji kalisi. Sambaza na ndagala zinazoliwa na mifupa yake zinayo ya kutosha kuliko watu wanavyodhani, na lengalenga huongezea.

Ni kwa sababu nilikunywa maziwa mengi nikiwa na mimba?

Hapana. Wala hukumkosea mtoto. Uchunguzi wa EuroPrevall, uliofuata watoto zaidi ya 12,000 katika nchi tisa za Ulaya, ulikuta mzio uliothibitishwa kwa 0.54% tu ya watoto kufikia miaka miwili. Ni wachache, na hawakuchaguliwa kwa kosa la mama. Kitu kimoja kinachoeleweka ni ngozi: mtoto mwenye ukurutu ana ngozi inayopitisha protini, na protini inayoingilia kwenye ngozi yenye kidonda huamsha kinga badala ya kuituliza. Kwa hiyo usimpake siagi ya ng'ombe mtoto mwenye ukurutu. Tumia vazelini.

Kipimo gani cha kuamini?

Habari ya mzazi kwanza: alikula nini, kiasi gani, baada ya dakika ngapi, ilitokea mara ngapi. Kisha kipimo cha kuchoma ngozi kidogo kwa tone la maziwa na kusubiri dakika 15. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi kuliko tone la maji ya chumvi unahesabiwa kuwa chanya. Au damu kwa IgE maalum ya maziwa. Vyote viwili vinaonyesha kwamba IgE ipo, havionyeshi kwamba mtoto atadhurika. Wapo wenye IgE wanaokunywa maziwa kila siku. Kipimo cha mwisho ni kumpa maziwa kidogo kidogo mbele ya daktari mwenye adrenalini mkononi.

Tahadhari mbili kwa sisi wa huku. IgE ya jumla haisemi chochote kuhusu maziwa: mtoto mwenye askarisi au minyoo mingine huwa nayo juu sana, kwa sababu kinga hutumia IgE kupambana na minyoo. Ukionyeshwa namba kubwa ya IgE ya jumla ukaambiwa mtoto asinywe maziwa, uliza ile ya maziwa peke yake. Na vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, dhidi ya vyakula vinavyouzwa ghali havithibitishi mzio. IgG ni alama kwamba mtu amekula chakula hicho, basi.

Mtoto ana bwaki (utapiamlo mkali) na amepewa Plumpy'Nut, chakula cha pakiti cha kuitibu. Ina maziwa?

Ndiyo. Plumpy'Nut ya kawaida ni karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari pamoja na vitamini. Maziwa ya matibabu F-75 na F-100 ya wodi ya utapiamlo nayo, kama jina linavyosema, ni maziwa.

Kama mtoto aliwahi kuvimba au kubanwa kifua kwa maziwa, mwambie muuguzi kabla ya kijiko cha kwanza, usisubiri kuulizwa. Lakini kama una mashaka tu, kwa sababu alitapika siku moja au jirani alisema, usimnyime. Bwaki inaua, na vyakula hivi vimeokoa watoto wengi mno katika Kivu yetu. Mtoto dhaifu huhara kwa sababu utumbo wake umechakaa. Anahitaji kutazamwa na muuguzi, na anahitaji kula.

Nyama ya ng'ombe je?

Wengi wanaila salama. Takriban mmoja kati ya kumi wenye mzio wa maziwa husumbuliwa nayo, kwa sababu ya albumini ya damu ambayo iko kwenye nyama na maziwa pia. Nyama iliyoiva sana ni salama zaidi kuliko isiyoiva.

Nisome nini kwenye paketi?

Maneno ya Kifaransa lait, beurre, crème, babeurre, lactosérum, caséine, caséinate. Bidhaa za kutoka Uganda na Kenya huandika milk, whey, casein. Supu za unga, soseji na chokoleti huficha maziwa mara nyingi.

Akianza kuvimba na kuhema, nifanye nini?

Mlaze chini, miguu juu. Kama hewa ndiyo inayomshinda, mwache akae. Mpeleke mara moja kituo kilicho karibu zaidi, hata kwa pikipiki akiwa amebebwa na mtu mzima, na ukifika sema neno "anafilaksia", yaani mzio mkali wa mwili mzima. Dawa ni adrenalini kwenye nyama ya paja, kwa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, isiyozidi 0.3, na hurudiwa baada ya dakika tano asipopata nafuu. Dawa za kutuliza mwasho hazifungui njia ya hewa. Usimtapishe, usimnyweshe mawese, usipoteze muda kutafuta nani kamfanyia nini.

Atapona?

Wengi wanapona, na wengi wao kabla ya kuanza shule. Katika EuroPrevall, zaidi ya nusu ya waliopimwa tena mwaka mmoja baada ya kugunduliwa walishaweza kunywa maziwa. Wale wasio wa IgE walikuwa wamepona wote. Ndani ya mwili limfositi T za kudhibiti zinaongezeka, IgE inashuka, na kingamwili ya IgG4 inaanza kushika epitopu zile zile kabla IgE hazijazifikia.

Kwa hiyo katazo la maziwa lina tarehe ya kuangaliwa upya: kila miezi sita hadi kumi na miwili, pamoja na daktari. Kwa mtoto ambaye hakuwahi kupata dalili kali, kurudi huanzia kwenye biskuti iliyookwa vizuri, kisha keki, kisha chapati za maziwa, kisha fromaji iliyoivishwa, kisha kivuguto, na maziwa ya kikombe yanakuja mwisho. Kwa yule wa dalili kali, hatua hizo zote hufanyika hospitalini. Ambao mzio wao haujaisha wameanza kupata msaada mwingine: tangu Februari 2024 Marekani imeruhusu omalizumabu, sindano inayofunga IgE kabla haijafika kwenye mastositi, kwa wenye mizio ya chakula kuanzia mwaka mmoja wa umri. Haiwapi ruhusa ya kunywa maziwa wanavyotaka. Inapunguza ukali wa ajali, tone la maziwa likiingia kwenye sahani bila mtu kujua.